Jasini na Jimbo: gunia la mchele likivuka mpaka

Mwaka 1886 Waingereza na Wajerumani walichora mstari kutoka pwani, mdomoni mwa Mto Umba, hadi Ziwa Victoria. Mwaka 1893 ncha ya baharini ikahamishiwa Ras Jimbo. Ndiyo maana leo Jasini iko Tanzania, wilayani Mkinga, na Jimbo iko Kenya, kaunti ya Kwale, wakati harusi, mazishi na madeni ya dukani ni ya Wadigo walewale.

Kwa mkazi wa huku, kuvuka ni kwenda kwa shangazi. Kwetu sisi wa forodha, shangazi akirudi na magunia ya kuuza, hiyo ni biashara. Hapo wengi hukimbilia njia za panya usiku, wakikwepa ushuru ambao mara nyingi haupo.

Umoja wa Forodha wa Afrika Mashariki ulianza mwaka 2005. Bidhaa iliyozalishwa ndani ya Jumuiya haidaiwi ushuru wa forodha, ila lazima uasili wake, yaani mahali ilikozalishwa, uthibitishwe. Mfanyabiashara mdogo mwenye mzigo usiozidi dola 2,000 za Marekani, na bidhaa iliyomo kwenye orodha iliyokubaliwa, hujaziwa cheti rahisi cha uasili palepale kituoni, kama Horohoro au Lunga Lunga. Cheti ni bure, na wakala wa forodha hahitajiki. Anayekudai "ya chai" ili akujazie, mwombe risiti uone atakavyobadilika.

Neno uasili ndilo linalowaponza watu. Chukua magunia mawili ya mchele, yote yamenunuliwa Tanga, sokoni kwa mtu mmoja. La kwanza ni mchele wa Mbeya: linapita bila ushuru. La pili limeandikwa Pakistan ubavuni: hilo linadaiwa, hata ukiwa na risiti ya Tanga. Kununua Tanga hakuufanyi mchele kuwa wa Tanga. Na kumwaga wa Pakistan kwenye gunia la Mbeya ni udanganyifu. Mzigo mzima unaweza kutaifishwa.

Tena, cheti hiki ni cha ushuru wa forodha tu. Kodi kama VAT (ya ongezeko la thamani) hutegemea bidhaa yenyewe, na mazao hukaguliwa afya ya mimea. Mifugo je? Inahitaji kibali cha daktari wa mifugo, hata kama ng'ombe mwenyewe ni wa mahari.