Mdudu Hasikii Kitu? Nani Kakuambia?

Kila nikitaja kwenye semina kwamba huenda wadudu wanaumia, kuna atakayenyoosha mkono: "Kwa hiyo, daktari, tuwaache mbu watumalize?" Hapana. Tundikeni vyandarua, pulizieni kuta, muueni Anofelesi, mbu wa malaria, bila kuniomba ruhusa. Hilo tumemaliza.

Kinachonikera ni sentensi inayofuata: "Kwanza mdudu hasikii kitu, ile ni refleksi tu." Refleksi, yaani mwili kujirusha wenyewe bila kufikiri! Mwaka 2022 watafiti wa London waliwatengea nyuki wakubwa wenye manyoya vilishio vya maji ya sukari, vingine vikiwa na joto la nyuzi 55, vingine bila joto. Utamu ulipolingana, nyuki walikwepa vya moto. Utamu wa vile visivyo na moto ulipopunguzwa, wengi walivumilia moto wakafuata sukari. Tena walivitambua kwa rangi walizojifunza kabla, maana yake uamuzi ulipitia kichwani. Mkono wako ukigusa sufuria ya moto unaruka kabla hujajua ndani mna wali au maji. Nyuki yule alipiga hesabu kwanza.

Je, hiyo inathibitisha kwamba anateseka? La. Neva, yaani mishipa ya fahamu, kutambua madhara ni jambo moja, kuteseka ni jingine, na hilo la pili hatuna kipimo chake hata kwa mbwa. Halafu wapo nzige walioonekana wakiendelea kutafuna jani huku vunjajungu akiwatafuna wao, kana kwamba hawaumii. Vitabu hupita hapo mbiombio. Mimi huwa nakwama.

Watetezi wa "kuua mdudu ni kosa, basi" nao wananichosha. Unguja, mbung'o walipunguzwa kwanza kwa sumu, kisha ndege zikamwaga madume waliozalishwa Tanga na kuhasiwa kwa mionzi, mpaka majike wakakosa kuzaa. Mwaka 1997 kisiwa kikatangazwa safi, na ng'ombe wakapona na nagana, ugonjwa wa mifugo unaoenezwa na mbung'o. Anayeliona hilo kosa aje tujadiliane, ila aanze kwa wafugaji.

Swali langu ni namna ya kuua. Ile dawa ya kopo mnayompulizia mende ina sumu iitwayo pairethroidi: inaacha wazi milango inayopitisha chembe za sodiamu kwenye neva, neva zinafyatuka mfululizo, ndiyo maana analala chali akirusha miguu hadi mnachoka kumtazama. Labda hasikii lolote. Labda anasikia kila kitu. Mimi kwangu hutumia ndala.