Je, Wajua kwa Nini Timu ya Besiboli Yenye Uwezekano wa Asilimia 0.2 Mwezi Agosti Huweza Kufuzu Hatua ya Mtoano?

Asubuhi ya tarehe 11 Agosti 2024, timu ya Detroit Tigers ilikuwa imeshinda michezo 55 na kupoteza 63, ikiwa nyuma kwa michezo 10 dhidi ya timu iliyoshikilia nafasi ya mwisho ya kufuzu. Tovuti ya FanGraphs, ambayo kila siku hukokotoa uwezekano wa timu zote za ligi kuu ya besiboli ya Marekani kucheza hatua ya mtoano, iliipa asilimia 0.2, yaani nafasi moja katika 500. Siku 50 baadaye Tigers walikuwa wameshinda michezo 31 kati ya 44 iliyosalia, wakamaliza na ushindi 86 dhidi ya vipigo 76, na wakafuzu kwa mara ya kwanza tangu mwaka 2014. Wengi waliona kwamba wakokotoaji wameumbuka. Ukweli ni kwamba hesabu yao haikuwa na kosa kubwa, na ili kuelewa sababu yake ni lazima kwanza kujua asilimia hiyo hupatikanaje.

Ligi kuu ya besiboli ina timu 30 zilizogawanywa katika ligi mbili, ya Marekani na ya Taifa, na kila ligi ina makundi matatu ya timu tano tano. Kila timu hucheza michezo 162 kuanzia mwishoni mwa Machi au mwanzoni mwa Aprili hadi mwishoni mwa Septemba, karibu kila siku. Tangu mwaka 2022, timu sita za kila ligi huingia mtoano: vinara watatu wa makundi, pamoja na timu tatu zenye rekodi bora miongoni mwa zile zisizoongoza makundi yao. Nafasi hizo tatu za nyongeza ndizo zinazofanya mwezi Septemba uwe wa hekaheka, kwa sababu zamani hazikuwapo. Mwaka 1993, San Francisco Giants walishinda michezo 103 na bado wakabaki nje, kwa kuwa Atlanta Braves wa kundi lao walishinda 104. Mwaka 2025, Cincinnati Reds walifuzu kwa ushindi 83 tu. Anayelinganisha matumaini ya timu ya leo na ya miaka ile bila kutazama kanuni anapima vitu viwili tofauti.

Katika besiboli hakuna pointi tatu wala sare. Umbali kati ya timu mbili hupimwa kwa michezo: hutafutwa tofauti ya ushindi wao, ikajumlishwa na tofauti ya vipigo vyao, kisha jumla ikagawanywa kwa mbili. Timu yenye ushindi 55 na vipigo 63 iko nyuma kwa michezo 10 dhidi ya timu yenye ushindi 65 na vipigo 53. Pengo hilo hupungua kwa mchezo mmoja mzima ikiwa anayekimbiza atashinda siku ambayo anayekimbizwa amepoteza, na kwa nusu mchezo ikiwa mmoja wao tu ndiye amecheza na matokeo yakamfaa anayekimbiza. Wote wawili wakishinda, pengo hubaki palepale huku siku ikiwa imeshakwenda. Hapo ndipo ugumu wa kukimbiza ulipo: usiku ambao umeshinda na usikaribie hata hatua moja ni usiku uliopotea.

Anayeongoza naye ana kipimo chake, ambacho wapenzi wa mchezo huo hukiita namba ya ajabu. Huanzia 163, ikaondolewa idadi ya ushindi wa anayeongoza na idadi ya vipigo vya anayemfuata. Kinara mwenye ushindi 88, akifuatwa na timu yenye vipigo 68, namba yake ni 7. Kila ushindi wake na kila kipigo cha mpinzani huipunguza kwa moja, na ikifika sifuri mambo yamekwisha. Kipimo hiki ni hesabu tupu ya kutoa, hakina ubashiri wowote ndani yake. Kinaeleza kilichobaki ili jambo liwe hakika, lakini hakielezi lina uwezekano gani wa kutokea.

Kwa ajili ya uwezekano, mkokotoaji huanza na swali dogo: timu hii ina nafasi gani ya kushinda mchezo mmoja? Jedwali la msimamo si shahidi wa kutosha, kwani timu inaweza kushinda michezo mingi kwa tofauti ya mkimbio mmoja, yaani bao moja la besiboli, na baadaye bahati ikageuka. Bill James, mwandishi aliyebadilisha namna Wamarekani wanavyotazama takwimu za mchezo huu, alionyesha kwamba mikimbio hueleza ubora wa timu vizuri kuliko rekodi yake. Chukua mikimbio iliyofungwa, uizidishe kwa yenyewe. Fanya vivyo hivyo kwa mikimbio iliyofungwa dhidi ya timu. Kisha gawanya ya kwanza kwa jumla ya zote mbili. Timu iliyofunga mikimbio 700 na kufungwa 650 hupata karibu asilimia 53.7, sawa na ushindi 87 katika msimu mzima. Wakokotoaji wa leo huongeza juu ya hapo makadirio ya uwezo wa kila mchezaji, majeruhi, uwanja wa nyumbani, ratiba na mrushaji (anayewatupia wapinzani mpira waupige) atakayeanza siku hiyo, kwa kuwa mrushaji mahiri hucheza mara moja tu katika siku tano au sita.

Jambo la kustaajabisha ni jinsi asilimia hizo za mchezo mmoja zinavyokaribiana. Timu ambayo kwa kawaida hushinda asilimia 55 ya michezo ikikutana na inayoshinda 45, hupewa nafasi ya takriban 60 kwa 40, si zaidi. Msomaji wa soka anakumbuka kwamba Arsenal walicheza mechi 38 za msimu wa 2003/04 bila kupoteza hata moja. Katika besiboli, Los Angeles Dodgers waliokuwa na rekodi bora kuliko wote mwaka 2024 walipoteza michezo 64. Hata Chicago White Sox wa mwaka huohuo, waliopoteza michezo 121, walishinda 41. Kwa hiyo juma moja au mawili hayathibitishi chochote kuhusu nani ni bora, na timu ya kawaida kabisa inaweza kuwaka moto kwa mwezi mzima bila sababu iliyojificha.

Baada ya kupata nafasi za mchezo mmoja mmoja, kompyuta hucheza msimu uliosalia kuanzia mwanzo hadi mwisho, ikirusha kete kwa kila mchezo kulingana na asilimia zake, kisha huandika nani amefuzu. Hurudia kazi hiyo maelfu ya mara. Ikiwa Tigers wamefuzu mara 2 katika kila misimu 1,000 ya kubuni, basi asilimia yao ni 0.2. Njia hii ndefu hutumika, badala ya kuzidisha asilimia chache kwenye karatasi, kwa sababu hatima za timu zimefungamana. Timu mbili zilizo mbele yako zikikutana, moja lazima ishinde. Huwezi kuziombea zote mbili zipoteze. Ndiyo maana kuwa nyuma kwa michezo minne dhidi ya timu moja ni afadhali kuliko kuwa nyuma kwa michezo minne dhidi ya timu nne, ingawa jedwali linaonyesha pengo lilelile.

Sasa turudi Detroit. Tuseme Tigers walikuwa timu ya nusu kwa nusu, yenye nafasi sawa ya kushinda au kupoteza kila mchezo kati ya ile 44. Timu kama hiyo hutarajiwa kushinda 22, na nafasi yake ya kushinda 31 au zaidi ni kama mara 5 tu katika 1,000. Hapo bado hatujahitaji kwamba timu zilizo mbele zianguke, na bado hatujazingatia kwamba klabu yenyewe ilikuwa imekata tamaa: tarehe 30 Julai ilimuuza Jack Flaherty, mmoja wa warushaji wake bora, kwa Dodgers, ambao walikwenda naye hadi kutwaa ubingwa. Ukiyaweka yote hayo pamoja, 0.2 inaonekana ni makadirio ya haki kabisa.

Kilichofuata kilikuwa mchanganyiko wa uwezo na nasibu, na kwa maoni yangu sehemu ya uwezo hupunjwa katika masimulizi. Tarik Skubal alikuwa na msimu uliompatia tuzo ya Cy Young, ya mrushaji bora wa ligi. Kocha A.J. Hinch, aliyebaki na warushaji wachache wa kuanzisha michezo, aliwagawia kazi warushaji wengi kwa zamu fupi fupi, na wapinzani wakashindwa kuwazoea. Mabadiliko ya namna hiyo kompyuta huyaona polepole, maana huchukulia kwamba timu ya kesho ni ileile ya jana. Upande wa nasibu, Minnesota Twins, waliokuwa mbele kwa mbali, walishinda michezo 12 tu kati ya 39 ya mwisho wakamaliza na ushindi 82. Seattle Mariners waliishia 85. Tigers walijihakikishia nafasi tarehe 27 Septemba kwa kuwafunga White Sox, na usiku huohuo ndio White Sox walipopata kipigo cha 121, rekodi mbaya kuliko zote katika zama mpya za mchezo huo. Kisha Detroit waliwatoa Houston Astros kwa michezo miwili kwa sifuri kabla ya kutolewa na Cleveland Guardians.

Je, tukio la nafasi moja katika 500 halikanushi hesabu? Kinyume chake. Ikiwa kila msimu zinapatikana timu kama kumi zenye uwezekano wa namna hiyo mwezi Agosti, basi katika misimu 50 tutakuwa na majaribio 500, na tunapaswa kutegemea mojawapo ifaulu. Kama isingefaulu hata moja kwa karne nzima, hapo ndipo tungekuwa na haki ya kushuku kwamba 0.2 ilikuwa kubwa mno. Kosa la wasomaji wengi ni kuisoma asilimia ndogo kana kwamba ni sifuri, na asilimia 98 kana kwamba ni ahadi.

Asilimia 98 nayo huvunjika. Mapema Septemba 2011, Boston Red Sox waliwazidi Tampa Bay Rays kwa michezo tisa. Kisha walishinda 7 na kupoteza 20 katika mwezi huo. Siku ya mwisho, tarehe 28 Septemba, timu hizo zilikuwa sawa. Rays walikuwa nyuma kwa mikimbio 7 kwa 0 dhidi ya New York Yankees hadi kufikia zamu ya nane kati ya tisa za mchezo, wakasawazisha katika ya tisa. Huko Baltimore, Red Sox walifungwa 4 kwa 3 katika zamu ya tisa, na muda mfupi baadaye Evan Longoria wa Rays aliupiga mpira ukavuka ukuta wa uwanja katika zamu ya 12, Rays wakashinda 8 kwa 7. Usiku huohuo Braves nao, waliokuwa na uongozi mkubwa katika ligi ya Taifa, walipoteza nafasi yao kwa St. Louis Cardinals, ambao walikwenda kuwa mabingwa.

Kuna kipengele kingine ambacho mashabiki hukisahau mpaka kiwaume: tangu 2022 timu zikilingana hazichezi mchezo wa ziada, bali hutazamwa kwanza rekodi ya walipokutana. Mwaka 2024, Arizona Diamondbacks, New York Mets na Atlanta Braves walimaliza wote na ushindi 89, na Arizona ndio walioachwa. Mwaka uliofuata Mets walionja uchungu huohuo, walipolingana na Reds kwa ushindi 83 na kutolewa kwa sababu Reds waliwashinda mara nyingi zaidi. Mchezo wa mwezi Julai ambao hakuna aliyeutilia maanani unaweza kuwa na thamani ya nusu mchezo mwezi Septemba.

Mwaka huohuo wa 2025 uliwapa Tigers zamu ya kukimbizwa. Mapema Julai walikuwa mbele ya Cleveland kwa michezo 15 na nusu. Cleveland walilifuta pengo lote, wakatwaa uongozi wa kundi kwa ushindi 88 dhidi ya 87 wa Detroit. Hata hivyo Tigers hawakukosa mtoano, kwa kuwa asilimia ya kuongoza kundi na asilimia ya kufuzu ni hesabu mbili tofauti, na ushindi 87 uliwatosha kupata nafasi ya nyongeza. Raundi ya kwanza iliwapeleka Cleveland, na huko waliwatoa wenyeji kwa michezo miwili kwa mmoja.