Mbung'o na Mifereji ya Maji Mwilini Mwake: Yasemwayo na Yaliyo Kweli

"Mbung'o huzaliana haraka kama nzi wa jikoni."
Hata kidogo. Mbung'o ni nzi anyonyaye damu na kueneza ugonjwa wa malale, lakini uzazi wake ni wa namna nyingine. Nzi wa jikoni hutaga mayai kwa mamia. Mbung'o jike huangua yai moja tumboni, akamlea buu ndani ya mji wa mimba kwa maziwa yake mwenyewe, kisha akamzaa akiwa karibu na uzito wa mama. Hupita siku 9 au 10 kabla ya kuzaa mwingine. Buu huyo hali tena: hujichimbia mchangani akageuka pupa.

"Maji hupenya yenyewe tu kwenye seli."
Hupenya, ila polepole. Pa kupita kwa kasi ni akwaporini, protini zilizochomekwa kama mifereji kwenye utando wa seli. Peter Agre wa Marekani alipewa Tuzo ya Nobel ya kemia mwaka 2003 kwa kuzigundua.

"Akishiba damu, shida ya maji imekwisha."
Ndiyo kwanza inaanza. Sehemu kubwa ya damu ni maji, na mlo mmoja waweza kumzidi uzito. Mtazame aliyetoka kunyonya: katua kwenye gome la mti, tumbo jekundu limevimba, na matone maangavu yanamtoka nyuma moja baada ya jingine. Anapunguza mzigo ili aweze kuruka. Lakini jike huyohuyo akiwa na mimba anahitaji maji hayo kwenye tezi ya maziwa, la sivyo buu atakauka. Kazi zote mbili hutegemea akwaporini. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2014, majike waliodungwa sindano ya kuzima baadhi ya jeni za akwaporini walizaa watoto wachache.

"Basi dawa ya kumwangamiza mbung'o imeshapatikana."
Bado. Kuzima jeni maabara ni jambo moja. Nani atamkamata kila mbung'o porini amdunge sindano? Tena sisi na ng'ombe wetu tuna akwaporini pia, kwa hiyo sumu ya kuziba mifereji hiyo ni lazima ichague ya mbung'o pekee. Hata hivyo, mimi naona njia hii ina maana: mdudu anayezaa mmojammoja hupungukiwa upesi uzazi ukiguswa. Unguja walimtokomeza mwaka 1997 kwa kuachia madume waliofanywa tasa kwa mionzi, baada ya kwanza kumpunguza kwa viuatilifu. Kwa sasa mfugaji abaki na mitego ya vitambaa vya buluu na vyeusi, na dawa ya kuogeshea ng'ombe.