Mkrismasi haukatwi mwezi wa tisa

Kaskazi ikiingia tu, msimu wa mkrismasi, ule mti wa maua mekundu, kuchanua, simu yangu haitulii. "Fundi, mkrismasi wangu mwaka huu haukutoa hata ua moja. Una maradhi gani?" Mimi huuliza suala moja: ulikatwa lini? Jawabu karibu kila mara ni lile lile. Mwezi wa tisa.

Nawaelewa. Mwezi wa tisa ndipo mti unapotia aibu. Majani yamepukutika, maganda meusi yananing'inia marefu kama mapanga, na upepo ukipiga yanachakarika kama kayamba. Mwenye nyumba akitazama juu anaona kuni. Kumbe asili ya mti huu ni misitu ya Madagaska inayopukutisha majani wakati wa ukavu, na huko kukaa uchi ndiyo kawaida yake. Maua yake hutoka kwenye ncha za matawi, na ncha hizo zimekua kwa mvua za masika, zikakomaa kipupwe kizima. Ukipitisha msumeno mwezi wa tisa, umeyaangusha maua ya Disemba hujayaona.

Mimi hupogoa mwisho wa Januari na Februari, petali zikishaanguka. Jeraha linapata jua la kaskazi likakauka, kisha masika yakishuka mti unachipua, na machipukizi hayo yana miezi minane ya kukua kabla ya kutakiwa maua. Tawi lililokufa halina msimu, hilo liondoe siku yoyote.

Bi mkubwa mmoja wa Mbweni aliniita na kunambia, "Mwanangu, mti huu umeninunia." Nikapanda ngazi kutazama. Kila mwaka kabla ya vuli alikuwa akileta vijana na mapanga, wanaukata kichwa mpaka unabaki mkono wa vigutu. Kwenye kigutu kimoja nilihesabu fito kumi na nne, nyembamba, zimesongamana, zimeshika juu juu tu. Moja niliivuta kwa mkono ikatoka na kipande cha gome. Fito za namna hiyo zikinenepa ndizo zinazoangukia bati la jirani siku ya upepo. Nikaacha mbili au tatu kwa kila kigutu, zile zilizoachana na zinazoelekea nje, nyingine nikazitoa. Sikuzitoa zote siku moja. Robo ya matawi kwa mwaka inatosha, ukizidisha mti unafazaika na kutoa fito nyingine zaidi ya zile. Mwaka wa kwanza alipata maua upande mmoja tu, wa baharini. Wa pili hakunipigia simu kuulizia maua, alinipigia kulalamika kwamba petali zimeziba mfereji wa bati.

Tawi zito sasa. Nilipokuwa mgeni wa kazi nililikata moja kwa juu, mkato mmoja. Msumeno haujafika nusu, tawi likajikwanyua na kuchuna gome mpaka kiunoni mwa shina. Masika mawili baadaye pale palikuwa na shimo la kutia mkono. Mti wa mkrismasi si mgumu, ukiingia uozo hauchelewi kuenea.

Kwa hiyo mikato ni mitatu. Wa kwanza unaanzia chini ya tawi, shubiri mbili kutoka shinani, unaingia kiasi cha theluthi. Wa pili unatoka juu, mbele kidogo ya ule wa kwanza kuelekea nchani, na tawi linaanguka bila kuchuna kitu. Kimebaki kigutu chepesi. Hapo ndipo pa kutuliza macho: tazama tawi linapotokea, utaona uvimbe umelizunguka, kama mkono wa kanzu uliokunjwa. Mkato wa tatu upitishe nje ya mkunjo huo. Usiulambe shina ukadhani unafanya kazi safi, maana uvimbe ule ndio unaotoa gome jipya la kufunika jeraha. Wala usiache kigutu kirefu, kitaoza na kuuingiza uozo ndani.

Oili chafu, lami na rangi ya mafuta za kupaka jeraha, wacheni. Nazikuta kila mtaa, na wanaozipaka wana nia njema, lakini haziuzuii uozo. Alex Shigo, aliyekuwa mtafiti wa Idara ya Misitu ya Marekani, alipasua magogo kwa maelfu kuangalia majeraha kwa ndani. Alichokionyesha ni kwamba mti hauponi kama ngozi yetu: hujenga ukuta kuzunguka sehemu iliyoharibika, kisha unaifunika. Kazi hiyo unaifanya wenyewe. Mkato ukiwa mahali pake, uache wazi.

Na kama mkrismasi wako usiotoa maua umeuotesha kwa mbegu na haujatimiza miaka mitano, usimlaumu aliyekata. Bado ni mtoto. Kwa sasa angalia panda za shina tu: zikiwa mbili za unene mmoja zimebanana, fupisha moja mapema, ingali ya kukatwa kwa mkasi.