Daftari la uvuvi: andika na siku uliyorudi mikono mitupu

Daftari langu la kwanza la uvuvi lilijaa samaki, na halikunifaa kitu. Nilikuwa naandika siku nilizopata tu: mahali, aina ya samaki, urefu, chambo. Siku niliyorudi mikono mitupu sikuona cha kuandika. Baada ya misimu miwili nikakaa kulisoma ili nijue wapi pa kurudi na wapi pa kuacha, nikakuta kila mahali panaonekana pazuri. Isingewezekana vinginevyo, kwa kuwa mahali palikuwa hapaingii daftarini mpaka patoe samaki.

Liliniuma zaidi kwa sababu kuhesabu samaki ndiyo kazi yangu. Nachambua takwimu za mavuno ya wavuvi, na kazini nisingepokea karatasi ya namna ile. Tangu siku hiyo kila safari inaingia, na sifuri naiandika kwa uangalifu uleule ninaomwandikia samaki mkubwa.

Sifuri peke yake haitoshi. Lazima iandamane na muda. Sisi wa takwimu hugawanya mavuno kwa juhudi, na kwa mvuvi wa mshipi juhudi ni saa ambazo ndoana ilikuwa majini, ukizidisha kwa idadi ya mishipi. Muda wa kupiga makasia, wa kutatua mshipi uliosokoteka na wa kupumzika hauhesabiwi. Tuseme kwenye mwamba umevua samaki 12 kwa safari sita za saa tano tano, na mlangoni mwa mto umevua 9 kwa safari sita za saa moja na nusu, kila mara kwa mshipi mmoja. Kichwani utabaki na picha ya mwamba, maana huko ndiko ulikokuwa ukirudi na samaki wawili wawili. Ukigawanya, mwamba umekupa samaki 12 kwa saa 30, yaani 0.4 kwa saa, na mlango wa mto umekupa 9 kwa saa 9, mmoja kwa kila saa.

Na ugawanye mwishoni. Jumlisha samaki wote, jumlisha saa zote, ndipo ugawanye. Ukipiga hesabu ya kila safari kivyake halafu ukatafuta wastani wa majibu hayo, siku moja uliyokaa dakika 20 na kupata samaki wawili itasomeka kama samaki sita kwa saa, na safari hiyo fupi itapotosha mwezi mzima.

Kwa anayevua baharini, safu ninayoithamini kuliko zote ni ya maji. Watu wengi huandika saa ya ukutani: "nilipata saa moja asubuhi". Samaki hajui saa moja. Anachokijua ni kwamba maji yanaingia au yanatoka, na kwa nguvu gani. Katika pwani zenye kujaa kuwili na kupwa kuwili kwa siku, ambazo ndizo nyingi, kujaa kumoja na kunakofuata hutenganishwa na saa 12 na dakika 25 hivi, kwa hiyo kila siku maji huchelewa kwa kama dakika 50. Sasa mfikirie mtu anayevua kila Jumamosi saa ileile. Siku saba mara dakika 50 ni karibu saa sita. Jumamosi hii amekuta maji yamejaa, ijayo kwa saa ileile atakuta yamekupwa, na ya tatu yamejaa tena. Akiwa na daftari la saa za ukutani ataona mahali panapotoa wiki moja na kunyima wiki inayofuata, atalaumu chambo, atabadili ndoana, na mwisho atapahama. Nimesoma madaftari ya wavuvi wenye bidii kabisa yaliyofungwa na fundo hili moja. Ukiongeza safu inayosema ni saa ya ngapi tangu maji yalipoanza kujaa au kupwa, fundo linafunguka lenyewe.

Hiyo "saa ya ngapi" ina maana kubwa kwa sababu maji hayapandi kwa mwendo mmoja. Mabaharia hugawa kina cha kujaa katika mafungu 12: saa ya kwanza huingia fungu moja, ya pili mawili, ya tatu matatu, ya nne matatu, ya tano mawili, ya sita moja. Ni makadirio, lakini yanatosha kuonyesha kwamba nusu ya maji yote huingia katika saa mbili za katikati, na mara nyingi huko ndiko mkondo unakokaza na kubeba vijidudu na dagaa kupita penye mwamba. Karibu na hapo naandika pia umri wa mwezi, kwa kuwa bamvua, yaani kujaa na kupwa kukubwa, hufuata mwezi mwandamo na mwezi mpevu, mara nyingi kwa kuchelewa siku moja au mbili, na mkondo wa bamvua si mkondo wa maji mafu, yale yanayojaa na kupwa kidogo. Anayevua ziwani au mtoni hana haja na safu hizi za kujaa na kupwa. Kwake naweka kimo cha maji na joto lake.

Uangavu wa maji ni rahisi kuupima, na sielewi kwa nini wachache wanaupima. Mwaka 1865 padri na mwanasayansi wa Italia, Angelo Secchi, aliteremsha kisahani cheupe baharini na kutazama kinapotelea kina gani. Kifaa hicho bado kinatumika na wataalamu wa maji. Sahani nyeupe iliyofungiwa chubwi, na kamba yenye mafundo kila nusu mita, itakupa namba unayoweza kuilinganisha na ya mwezi uliopita. Neno "machafu kidogo" haliwezi kukufanyia hivyo.

Upepo: mwelekeo na nguvu, basi.

Kuhusu kanieneo ya hewa, yaani mgandamizo wake, sina imani kubwa, ingawa naiandika. Wavuvi wengi husema samaki huacha kula ikishuka. Lakini samaki akipanda au kushuka mita moja tu ndani ya maji, kanieneo inayomkandamiza hubadilika kwa karibu hektopaskali 100, kiasi kinachozidi kile ambacho dhoruba ya kawaida huleta juu ya uso wa maji. Mimi nashuku zaidi mawingu na upepo vinavyoandamana na badiliko hilo. Safu naiacha wazi kwa namba, kwa sababu daftari likinionyesha nimekosea nitalifuata.

Samaki mwenyewe mpime kwa utepe, palepale, kuanzia ncha ya mdomo hadi kwenye panda ya mkia, au hadi mwisho wa mkia. Chagua njia moja na usiibadilishe katikati ya daftari. Ukingoja jioni, utakadiria, na makadirio hupenda namba za duara. Katika takwimu nyingi zinazokuja mezani kwangu samaki wa sentimita 30, 40 na 50 wamerundikana, huku wa 37 na 43 hawaonekani, wakati majini wapo wa kila kipimo. Kosa dogo la urefu huwa kubwa kwenye uzito: samaki wa aina moja akirefuka mara mbili, uzito wake hukaribia mara nane. Waliorudishwa majini waandike pia. Wamevuliwa, hata kama hukuwapeleka nyumbani.

Tumia penseli. Wino huyeyuka maji yakiugusa, na simu yenye mikono iliyolowa na harufu ya chambo hufunguliwa kwa shida wakati unapoihitaji. Mahali napachukua kwa GPS, kwa digrii na dakika zenye tarakimu tatu baada ya nukta. Dakika moja ya latitudo ni maili moja ya baharini, mita 1,852, kwa hiyo tarakimu ya tatu ni kama mita mbili, na mwamba mdogo hupotea kwa tofauti ndogo kuliko watu wanavyodhani.

Kuna swali moja ambalo hata daftari lililotunzwa vizuri haliwezi kujibu, nalo ni lile ambalo hukulipa nafasi. Mtu anayevua alfajiri tu hawezi kusema alfajiri ni bora kuliko jioni. Anayetumia ngisi mwambani na dagaa mlangoni mwa mto hajui kama ni chambo kinachotofautisha au ni mahali. Kwa hiyo katika kila safari tano, moja naitoa kwa jambo nisiloliamini: chambo kisichozoeleka, saa isiyo na sifa, upande wa mwamba ninaoupita siku zote. Safari hizo zina sifuri nyingi, na ni ghali kwa moyo, lakini ndizo zilizonifundisha zaidi.

Safu ya mwisho niliiongeza miaka michache tu iliyopita, nayo ni sababu ya kuacha. Ukiondoka kila mara samaki wanapoacha kudona, daftari litakuwa halina saa za ukimya, na kila mahali patapata sifa pasiyostahili. Ukiondoka mara tu unapopata wa kutosha, saa zako nzuri zitakuwa fupi kuliko zilivyokuwa majini. Sababu ikiandikwa, hesabu inaweza kusahihishwa. Mstari wa juzi unasomeka hivi:

Upande wa nyuma wa mwamba. Mshipi 1, ngisi. Saa 2 na dakika 40 majini. Saa ya tatu ya kujaa hadi ya sita. Siku ya nne ya mwezi. Sahani imepotea mita 6 na nusu. Kudona mara mbili. Samaki 0. Sababu ya kuacha: giza.