Maana ya Kufunga Kifundo cha Mkono katika Aikido, na Nafasi ya Maumivu

Katika aikido, sanaa ya mapigano ya Kijapani iliyoasisiwa na Morihei Ueshiba (1883–1969), kufunga kifundo cha mkono ni kukifikisha kiungo hicho kwenye ukomo wa mwendo wake, kisha kuutumia ukomo huo kuuongoza mwili mzima wa mpinzani. Sehemu ya pili ya maana hii ndiyo inayosahaulika, na wanafunzi wengi hudhani mbinu imekamilika pale mwenzao anapopiga ukelele.

Kifundo kina mifupa midogo 8 iliyoshikanishwa kwa kano. Huweza kukunjwa mbele, nyuma na pembeni, lakini chenyewe hakizunguki; kugeuza kiganja juu au chini ni kazi ya mifupa miwili ya kigasha, ambapo mmoja hupita juu ya mwenziwe. Kwa hiyo anayekinyonga kifundo kama anayekamua nguo hushindana na kano tu, ilhali fundi huufunga mkono kwa mfuatano, kuanzia kifundo, kigasha na kiwiko hadi bega, mpaka kiwiliwili hakina budi kufuata.

Tazama kotegaeshi, mbinu ya kuuangusha mwili wa mwenzako kwa kuugeuza mkono wake nje. Mtendaji huweka dole gumba mgongoni mwa kiganja cha mwenzake, huvikunja vidole vya mwenzake huyo kuelekea kigasha, na hapo ndipo huugeuza mkono nje na chini, akiwa anahamisha nyonga zake mwenyewe. Mwanafunzi mchanga husimama palepale na kukisukuma kiganja pembeni kwa nguvu za mikono. Mwenzake akiwa na misuli, hubaki wima huku akiumia bure.

Katika nikyo, yaani funzo la pili, mambo ni makali zaidi: kiwiko kimekunjwa, kidole kidogo cha anayefungwa kimeelekezwa usoni mwake mwenyewe, na magoti yake hulegea kabla hajaamua kuanguka. Maumivu hayo ni taarifa kwamba kiungo kimefika mwisho, na taarifa hiyo haiwafikii watu wote kwa namna moja. Mlevi huenda asiisikie, na mwenye viungo laini kupita kiasi anaweza asihisi kitu hadi kano zinapokaribia kuchanika. Anayetegemea maumivu pekee hana la kufanya mbele ya watu hao, isipokuwa kuongeza nguvu, na hapo ndipo watu huvunjana. Haishangazi kwamba judo ya mashindano hairuhusu kufunga kiungo kingine chochote ila kiwiko.

Ndiyo maana mazoezini mbinu hukazwa polepole, na anayefungwa hupiga mkeka kwa kiganja ili aachiwe papo hapo. Maumivu ya kuvutwa tu hutoweka mkono unapoachiwa. Lakini yale ya kuchoma upande wa kidole kidogo, yanayorudi kesho yake unapofungua kifuniko cha chupa, ni dalili ya jeraha, nayo yanahitaji mapumziko na daktari.