Kabla hujanunua balbu, pima arthi

Mteja mmoja aliniletea gari la zamani ambalo taa zake kubwa zilikuwa zimefifia. Alikuwa ameshabadilisha balbu mara mbili, na mara ya pili akaweka za wati 100 akitumaini zitaangaza zaidi. Nilipochomoa holda, yaani kishikio cha balbu, plastiki ilikuwa imeyeyuka upande mmoja, na waya uliokuwa mweupe umegeuka rangi ya chai. Balbu za mwanzo hazikuwa na kosa lolote. Umeme ndio uliokuwa haufiki.

Nimefanya kazi ya umeme wa magari kwa miaka mingi, na naweza kusema bila kusita kwamba kwenye gari lililozeeka, kifaa chenyewe ndicho cha mwisho kushukiwa. Anza na njia: waya, viungo, swichi, na zaidi ya vyote arthi, yaani njia ya umeme kurudi kwenye hasi ya betri kupitia bodi. Bodi hushika kutu. Boliti ya arthi iliyofungwa kiwandani juu ya bati safi, baada ya miaka 25 inakuwa imekaa juu ya unga wa kahawia, na umeme unapita hapo kwa shida.

Watu wengi hupima waya kwa kutafuta omu, yaani kiasi waya unavyozuia umeme, gari likiwa limezimwa. Kipimo hicho kinadanganya. Waya wenye nyuzi 30 za shaba, zikikatika 29, multimita, kile kifaa cha kupimia umeme, itakuonyesha bado mzima, kwa sababu mkondo inaoupitisha ni mdogo mno na uzi mmoja unautosha. Washa taa sasa, uzi huohuo ubebe ampea tano, ndipo utauona ukishindwa. Kwa hiyo pima kifaa kikiwa kinafanya kazi.

Kwenye gari lile niliwasha injini na taa, nikaweka multimita kwenye volti za DC. Kwenye betri nilipata 14.1, ambayo ni chaji nzuri. Kwenye balbu, 11.2. Karibu volti tatu zilikuwa zinapotelea njiani. Nikagusisha ncha nyeusi kwenye nguzo ya hasi ya betri, nguzo yenyewe na si klipu iliyoishika, na ncha nyekundu kwenye waya wa arthi nyuma ya balbu. Hapo unatakiwa uone karibu na sifuri, ikizidi 0.2 naanza kutafuta. Ilisoma 1.2. Nikahamia upande wa chanya, kutoka nguzo ya betri hadi kwenye balbu: 1.7.

Balbu ya waya wa ndani haisamehi. Volti zikipungua kwa asilimia 10 tu, mwanga wake hupungua kwa asilimia 30 hivi. Ndiyo maana dereva huona giza ilhali taa inawaka.

Arthi niliimaliza kwa spana, msasa na grisi kidogo. Fungua boliti, kwangua hadi bati ling'ae, safisha pia jicho la waya (kile kipete cha chuma kwenye ncha yake), kaza, kisha paka grisi juu ili maji yasirudi. Mpangilio ni huo. Grisi si dawa ya kutu iliyobaki chini.

Upande wa chanya ulihitaji rilei, yaani swichi inayowashwa kwa umeme mdogo ili ipitishe umeme mkubwa. Kwenye magari mengi ya zamani mkondo wote wa taa kubwa hutoka kwenye betri, ukaingia ndani hadi swichi ya usukani, halafu ukarudi mbele. Swichi ile ni nyembamba, na ikishachoka inapata moto. Ukiweka rilei, swichi inabaki na kazi ya kuiamrisha tu, na mzigo unapita njia fupi. Namba ziko chini ya rilei: 30 inatoka kwenye betri, 87 inakwenda kwenye taa, 86 inapokea waya wa zamani wa swichi, 85 inakwenda arthi. Taa kamili na taa hafifu, kila moja iwe na rilei yake. Balbu mbili za wati 55 hula ampea 9 na kidogo, kwa hiyo natumia waya wa milimita za mraba 2.5 na fyuzi ya ampea 15, ile ya bluu. Kabla ya kuanza, fungua hasi ya betri kwanza. Na fyuzi iwe karibu kabisa na betri, maana kazi yake ni kuulinda waya. Kipande kilicho kabla ya fyuzi hakina mlinzi, na kikichubuka kikagusa bodi kitawaka.

Tatizo jingine ninaloletewa sana ni betri kulala usiku. Funga milango, toa waya wa hasi, unganisha multimita katikati kwenye tundu la ampea 10, na usijaribu kuwasha injini. Gari lililotulia halipaswi kuzidi ampea 0.05. Likizidi, chomoa fyuzi moja moja hadi namba ishuke. Gari moja lilisoma 0.4, na mhalifu alikuwa taa ya wati 5 ndani ya kisanduku cha dashibodi, ambayo swichi yake ilikuwa imekwama. Nilifungua nikaigusa: ilikuwa ya moto. Kwa siku tatu taa hiyo inakunywa karibu saa-ampea 29, na betri ya saa-ampea 45 haiwezi kuwasha gari baada ya hapo.

Mwisho, kuhusu LED za dashibodi. Nazipenda, lakini taa ya alama ya betri niachie balbu yake ya zamani. Kwenye magari mengi ya kizazi hicho, mkondo mdogo unaopita ndani ya balbu hiyo ndio unaoiamsha altaneta, ile jenereta inayozungushwa na injini, ianze kuchaji betri. Ukiweka LED mkondo hautoshi, na pengine altaneta haitaamka mpaka ukanyage mafuta sana, au haitaamka kabisa. Nimeona altaneta nzima ikitolewa na kununuliwa nyingine kwa sababu hiyo. Gari likikujia halichaji, washa swichi bila kuwasha injini uangalie kwanza kama alama ya betri inawaka.